Gatunga na Nchi ya Tharaka ya Kaskazini

Msafiri ashukaye kutoka milima ya Nyambene nchini Kenya, akaiacha nyuma baridi na mashamba ya chai na miraa, huona kila maili aendayo joto likizidi na udongo ukikauka, na migunga na mibuyu ikishika mahali pa miti ya mlimani, hata afikapo Gatunga, soko dogo la Tharaka ya Kaskazini, huwa amekwisha kuingia nchi nyingine kabisa, ijapokuwa watu wa juu na wa chini hujihesabu kuwa ni wa asili moja, ya Kimeru. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, kisiwa kilichoko pwani, wakikimbia utumwa. Na wataalamu wengine wamekisia kwamba kisiwa hicho ni Manda, jirani ya Lamu.

Wale walioshika nyanda hizi za chini, ambako Mto Kathita hupita kwenda kumwaga maji yake katika Tana, walipewa na Mola riziki ya namna nyingine. Mvua zao za kutumainiwa ni za vuli, kuanzia Oktoba, wala si masika ambayo aghlabu huwahadaa. Kwa hiyo hupanda uwele, mtama, kunde na pojo, mazao yavumiliayo kiu, na hufuga mbuzi kwa wingi. Tena wamechonga mizinga na kuitundika mitini, na asali yao, pamoja na ngoma na vinu vya kuchonga, ilipanda milimani kubadilishwa na vyakula vya huko. Kwa desturi, katika Meru yote mahari haitimii bila asali. Basi nastaajabu kusikia watu wa mlimani wakiiita Tharaka nchi ya njaa, hali arusi zao wenyewe zilitegemea mizinga ya nchi hiyo!

Ni kweli ukame umewatesa sana, na vijana wengi huhamia mijini kutafuta kibarua. Hata utawala haukuwa karibu nao: kwa muda mrefu Tharaka ilitawaliwa kutoka mji wa Meru, mbali na mbuga hizi, na mwaka 1998 ikafanywa wilaya yake yenyewe; kisha, baada ya katiba ya 2010, ikaunganishwa na Nithi kuwa kaunti moja, Tharaka-Nithi. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta roho 393,177 katika kaunti nzima, na katika Tharaka ya Kaskazini 58,345 tu, ilhali Maara peke yake, sehemu nyingine ya kaunti hiyo, penye rutuba na mvua, ilikuwa na 114,894.

Kwa kuwa fedha za serikali nchini Kenya hugawanywa kwa kutazama, pamoja na mengine, idadi ya watu, nawasihi wenye mamlaka, wanapoikunjua ramani kugawa barabara na visima, wapime pia umbali ambao mama wa Gatunga huutembea na mtungi wake wakati wa kiangazi.