Alumini

Alumini (pia: aluminiamu) ni elementi yenye namba atomia 13 kwenye mfumo radidia na uzani atomia 26.98. Alama yake ni Al. Ni metali laini na nyepesi yenye rangi ya fedha. Hufanya takriban asilimia 8 ya uzito wa ganda la Dunia, ikiwa metali iliyo nyingi kuliko zote, lakini kwa kawaida haipatikani peke yake kwa sababu huungana haraka na oksijeni.

Katika Afrika ya Mashariki alumini hujulikana hasa kwa sufuria, fremu za madirisha, nyaya za umeme na skrepa. Watu wengi huiona kuwa metali isiyo na madhara. Hiyo ni kweli maadamu utando mwembamba wa oksidi unaoifunika uko salama. Hatari nyingi za alumini huanza pale utando huo unapoharibiwa, au metali yenyewe inapoyeyushwa au kusagwa.

Tabia

Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, yaani karibu theluthi moja ya uzito wa chuma. Huyeyuka kwenye sentigredi 660 na kuchemka kwenye sentigredi 2,470 hivi. Haivutwi na sumaku. Ndiyo maana wanunuzi wa skrepa hutumia sumaku kuitenganisha na chuma.

Inapitisha umeme vizuri. Waya wa alumini hupitisha takriban asilimia 60 ya umeme unaopitishwa na waya wa shaba wenye unene uleule, lakini ni mwepesi zaidi na bei yake ni nafuu.

Alumini ikikatwa, sehemu mpya hushika oksijeni ya hewani papo hapo na kufunikwa na utando wa oksidi wenye unene wa nanometa chache tu (nanometa moja ni sehemu ya milioni ya milimita). Kutu ya chuma hubanduka na kuruhusu chuma kuendelea kuliwa, lakini oksidi ya alumini hushikamana na metali na kuikinga. Utando huo huyeyuka kwenye sentigredi 2,070 hivi. Kwa hiyo fundi anayeunganisha alumini kwa moto huona utando ungali mzima ilhali metali ya chini imeshayeyuka.

Upatikanaji

Alumini hutengenezwa kutokana na mawe ya boksiti. Guinea na Australia ni kati ya wazalishaji wakubwa wa boksiti duniani. Nchini Tanzania boksiti ipo Magamba, karibu na Lushoto katika milima ya Usambara.

Njia ya kuitenga kwa umeme iligunduliwa mwaka 1886 na Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake. Njia hiyo inahitaji umeme mwingi sana. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo, na ndiyo sababu skrepa yake ina soko.

Matumizi

Alumini hutumika katika ndege, magari, makopo ya vinywaji, madirisha na vyombo vya jikoni. Nyaya za msongo mkubwa kwa kawaida ni za alumini zenye kiini cha chuma kilichopakwa zinki, kama zile za njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Mabati mengi ya kisasa ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki.

Hatari na matumizi salama

Zebaki. Hatari hii inahusu hasa maeneo ya dhahabu, kama ukanda unaoanzia Kagongwa na Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Zebaki ikipita kwenye mkwaruzo na kugusa alumini iliyo chini ya utando, huiyeyusha na kuzuia utando mpya usishikamane. Alumini huendelea kuliwa na hewa na unyevu, na unga mweupe huota juu yake kama ukungu. Chombo kinaweza kutoboka. Kwa sababu hiyo zebaki ni mzigo wa hatari katika ndege, ambazo sehemu kubwa ya miili yao ni alumini. Zebaki isiwekwe katika sufuria wala ndoo ya alumini. Chombo chochote kilichotumika kwa zebaki au kuchomea dhahabu yenye zebaki kisirudishwe jikoni hata kikisuguliwa, kwa kuwa mvuke na mabaki ya zebaki ni sumu kwa ubongo na figo, na huwadhuru zaidi watoto na mimba.

Kostiki na magadi. Sodiamu hidroksidi, yaani kostiki inayotumiwa na watengeneza sabuni na mitambo ya kuchenjulia dhahabu, huyeyusha utando na kisha metali yenyewe. Mmenyuko huo hutoa joto na gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto. Kostiki ihifadhiwe katika chombo cha plastiki kinachofaa, kamwe si cha alumini. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande hufanya kazi hiyo polepole, na huacha sufuria ikiwa nyeusi.

Kusubu. Mafundi wengi huyeyusha skrepa na kuimimina katika kalibu za mchanga. Maji ndiyo adui mkubwa wa kazi hii. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza takriban lita 1,700, hivyo unyevu kidogo chini ya alumini iliyoyeyuka huirusha kwa mlipuko. Skrepa, upawa na kalibu vikaushwe kwa moto kwanza. Kopo lililofungwa lisitumbukizwe. Fundi avae miwani, glavu na viatu vya ngozi, na suruali ifunike viatu. Kipande cha moto hufanana na kilichopoa, kwa hiyo kisishikwe kwa kukisia.

Sufuria za skrepa. Tafiti katika nchi kadhaa za Afrika zimeonyesha kuwa baadhi ya sufuria za kusubu hutoa risasi ndani ya chakula. Risasi hutoka kwenye skrepa iliyochanganyika, kama vipande vya betri na injini. Fundi achambue skrepa yake, na vyakula vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju visilazwe katika sufuria hizo.

Vumbi. Vumbi laini la alumini likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche. Moto wa vumbi hilo usizimwe kwa maji, kwa kuwa hutoa hidrojeni. Ufunikwe kwa mchanga mkavu.

Umeme. Waya wa alumini ukiunganishwa moja kwa moja na wa shaba, kiungo huliwa, hulegea na kupata moto. Vitumike viunganishi maalumu kwa metali hizo mbili.

Huduma ya kwanza

Aliyeunguzwa na alumini amwagiwe maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Metali iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe, na kidonda kisipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Jicho lililoingiwa na kostiki lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 30 hivi bila kuchelewa. Katika hali zote mbili mgonjwa apelekwe kituo cha afya.