Makochi ya Robanda: kutoka kamba hadi sponji

Robanda, wilayani Serengeti mkoani Mara, ni kijiji kilichopakana na hifadhi. Mtu hawezi kuingia porini na shoka akatoka na gogo la mninga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali, na pori lenyewe ni la wanyama. Kwa mazingira hayo, kulivalisha upya kochi lililochanika ni jambo la busara, na ufundi wake una historia ndefu.

Wazee wa Mara walikalia vigoda vya kuchonga na kulalia ngozi za ng'ombe. Ngozi ikichakaa, hutandikwa nyingine. Pwani kulikuwa na kitanda cha kamba, kile cha teremka-tukaze: kamba zikilegea, wenyewe hushuka wakazivuta upya. Kulikuwa pia na kiti cha enzi chenye mgongo wa nyuzi zilizosukwa, na mito ya sufi. Kwa hiyo kukarabati fanicha nyumbani hatukufundishwa na wageni.

Walicholeta wageni ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ni 62 tu. Kutokana na hiyo yakaota mashamba makubwa. Nyuzi ndefu zilisokotwa kamba, nazo fupi zilifaa kushindiliwa kwenye viti. Ukifungua kiti cha zamani kilichotengenezwa kwa mtindo huo, utakuta springi zimefungwa kwa kamba moja moja, gunia juu yake, kisha nyuzi au makumbi ya nazi, na mwisho tabaka la pamba. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na kila tabaka liliweza kutengenezwa peke yake.

Sponji ilifupisha yote hayo. Asili yake ni maabara ya Otto Bayer, Ujerumani, mwaka 1937. Viwanda vya magodoro vilipoenea Afrika Mashariki, fundi alihitaji kisu na gundi tu. Ni nafuu kubwa, lakini sponji nyepesi hubonyea mapema, na ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Kwa sababu hiyo Uingereza iliibana kwa kanuni za mwaka 1988. Nyumba inayowasha kibatari isiweke kochi karibu nacho.

Anayetaka kulivalisha kochi mwenyewe abandue kitambaa cha zamani polepole, bila kukichana, kwa sababu ndicho kipimo cha kukatia kipya. Ang'oe misumari yote. Agongegonge mbao: zikilia tupu, zimebunguliwa. Viungo vinavyocheza vipakwe gundi na kubanwa kwa kamba usiku kucha. Mikanda ya chini hukatwa kwenye tyubu kuukuu za magari, ikavutwa sawasawa na kupishanishwa kama jamvi. Ikilegea hapo, hakuna sponji itakayookoa kiti. Sponji ya kukalia iwe nzito, ya mgongoni iwe laini. Kitambaa kianze kupigiliwa katikati ya kila upande, kisha kielekee pembeni, la sivyo kitakunjamana. Vitambaa vya kufuma vya mama mwenye nyumba vitafuata juu.

Msomaji, kabla hujauza kochi lako kwa bei ya kuni, kwangua rangi kidogo kwenye mguu uone mbao yake. Kama ni mninga, nunua kitambaa na sponji, fremu ibaki kwako.