Ushuru si kodi

Neno ushuru tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi ya mavuno. Maana hiyo haijafa. Ushuru hushika mali yenyewe, lakini kodi ya mapato husubiri faida ihesabiwe. Tukiyachanganya maneno haya, hatuoni nani anaumia. Tuseme gunia la viazi la Gare, kwenye milima ya Usambara, limeuzwa shilingi 50,000. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, asilimia 2, ni shilingi 1,000. Kama mbolea, mbegu na vibarua vimemwachia mkulima faida ya shilingi 2,500, ushuru ule ni asilimia 40 ya faida yake, ilhali kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Akipata hasara, ushuru uko palepale.

Wapo watakaosema kwamba kisheria anayelipa ushuru ni mnunuzi. Ndiyo, lakini mnunuzi hupanga bei akiwa ameshaukata, na viazi vilivyochimbwa havingoji. Watasema pia kwamba halmashauri inahitaji fedha za barabara na zahanati. Hoja hiyo ni nzito, na milima ya Usambara inazihitaji barabara hizo kuliko maeneo mengi. Ila mapato yanayokula mtaji wa msimu ujao hupunguza mavuno yatakayotozwa kesho. Serikali yenyewe ililiona hilo mwaka 2017 iliposhusha ushuru kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Waandishi wenzangu, tuandike ushuru panapotozwa ushuru.