Maneno Madogo ya Kiingereza na Maana Zake Nyingi



Kila mwaka wanafunzi wapya wafikapo chuoni kwetu, huja na daftari walilolipiga mstari katikati. Upande mmoja wameandika neno la Kiingereza, upande wa pili neno la Kiswahili. Have, kuwa na. Let, kuruhusu. It, hiyo. Wakiisha kuyaandika hayo hudhani wamekwisha kuyajua, kisha hukaa wakayaogopa maneno marefu. Mimi huwaambia kwamba wameogopa pasipo na hofu. Neno refu la Kiingereza mara nyingi lina maana moja tu, nawe ukiisha kuijua umemaliza kazi. Maneno ya kuangaliwa sana ni yale madogo, ambayo mtoto wa Kiingereza huyasema kabla hajaota meno yote. Leo nataka kuwaeleza habari za maneno matatu ya namna hiyo, na jinsi yalivyotajwa katika kesi ya kijana mmoja ambaye mwisho wake alinyongwa.

Kwanza tusiwacheke Waingereza, maana hata sisi tunayo maneno kama hayo. Paa ni kifuniko cha juu ya nyumba, na paa ni mnyama wa porini; ndege hupaa angani, na mpishi humpaa samaki magamba. Hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa kuwa neno halitembei peke yake. Likiandamana na samaki twalijua, likiandamana na mvua inayovuja twalijua. Lakini mgeni asiyejua ila paa mmoja, akisikia kwamba paa limeanguka, atakwenda kutafuta kisu achinje.

Basi maana nyingi za neno moja hutoka wapi? Hutoka katika historia, nazo hupita njia mbili.

Njia ya kwanza ni maneno mawili yasiyo na udugu kukutana katika sauti moja. Neno let ni mfano mzuri. Makabila ya Waangli na Wasaksoni, walioingia Uingereza kutoka bara ya Ulaya katika karne ya 5, walikuwa na neno lætan, yaani kuacha au kuruhusu. Walikuwa pia na neno jingine, lettan, yaani kuchelewesha au kuzuia. Miaka ilipopita, miisho ya maneno ikakatika, na yote mawili yakawa let. Hivyo neno moja likawa na maana mbili zinazopingana: kuruhusu na kuzuia! Katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka wa 1611, let ya kuzuia imo bado. Leo imekaribia kufa, lakini imejificha mahali pachache: katika mchezo wa tenisi, mpira wa kwanza ukigusa wavu kabla ya kuanguka panapostahili huitwa let, na katika pasipoti ya Uingereza mnaombwa mwenye pasipoti apite pasipo let, yaani pasipo kizuizi. Mwanafunzi anayejua let ya kuruhusu tu atashangaa kuona msafiri akiombewa apite pasipo ruhusa!

Njia ya pili ni neno moja kuota matawi kama mwembe. Have hapo kale ilikuwa ni kushika au kumiliki. Mtu alikuwa na ng'ombe, alikuwa na shamba. Baadaye wakaanza kusema kwa neno hilo kwamba mtu ana kazi iliyokwisha kufanywa, na kutoka hapo have likawa neno la kuonyesha jambo lililopita. Tawi jingine likawa kulazimika; jingine likawa kula chakula; jingine likawa kuugua homa. Shina ni lile lile, lakini matunda hayafanani.

Na it? Zamani lilikuwa hit, na herufi ya kwanza ikaanguka njiani. Hilo ndilo dogo kuliko yote, nalo lina hila kuliko yote, kwa kuwa halina kitu chake lenyewe. Huonyesha tu kitu kilichomo moyoni mwa msemaji. Kama msikilizaji hajui kilichomo moyoni mwa msemaji, it ni kidole kinachoonyesha gizani.

Watu waliotunga ile kamusi kubwa ya Oxford waliyaona hayo kwa taabu. Bwana James Murray alishika kazi ya kuihariri mwaka wa 1879. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1884, na ya mwisho mwaka wa 1928, Murray mwenyewe akiwa amekufa tangu mwaka wa 1915. Yaliyowachosha wenye kazi hiyo si maneno ya wanazuoni, bali yale ya jikoni na shambani. Katika kamusi ile ya kwanza, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote ni set. Siku hizi wahariri wake wamehesabu zaidi ya maana 600 za neno run peke yake.

Sasa tuyaweke maneno yetu matatu pamoja, tuongeze him, yaani yeye: Let him have it. Kwa neno moja moja ni kama kusema, mwache awe nayo, yaani, mpe. Mama aweza kusema hivyo watoto wake wakigombea embe. Lakini tawi jingine la usemi huo ni kumpiga mtu au kumfyatulia risasi. Nasi pia twajua jambo hili, maana twampa mtu mkate, na twampa mtu kofi.

Usiku wa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala katika mji wa Croydon, kusini ya London, wakikusudia kuiba. Christopher Craig alikuwa na umri wa miaka 16, naye alikuwa na bastola. Derek Bentley alikuwa na miaka 19, lakini akili zake zilipimwa kuwa kama za mtoto wa miaka 11, wala kusoma na kuandika hakukujua ila kidogo sana. Mtu aliwaona, polisi wakaitwa. Askari mmoja, Frederick Fairfax, akapanda juu akamkamata Bentley. Hapo, kwa ushahidi wa polisi, Bentley akamwita mwenziwe, akasema, "Let him have it, Chris." Craig akafyatua bastola, Fairfax akajeruhiwa begani. Bentley hakukimbia, alikaa chini ya ulinzi wa polisi pale pale juu. Baada ya muda polisi wengine wakafika. Askari Sidney Miles alipotokea mlangoni pa ngazi, Craig akampiga risasi ya kichwa, akafa papo hapo.

Sheria ya Uingereza ilikuwa hivi: watu wawili wakikubaliana kutumia nguvu, na mmoja akaua, wa pili naye ana hatia ya kuua, hata kama hakugusa silaha. Kwa hiyo kesi ya Bentley ilihitaji jibu la swali moja: Je, alikubaliana na Craig? Na miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuonyesha kwamba alikubali ni maneno yale manne. Polisi watatu waliapa kwamba waliyasikia. Bentley alikana kuyasema, na Craig pia alisema hayakusemwa. Baadaye watu wengi wakauliza jambo la pili: hata kama aliyasema, it ilikuwa nini? Kama ilikuwa risasi, alimchochea mwenziwe aue. Kama ilikuwa bastola, alimsihi mwenziwe amkabidhi askari silaha yake. Sauti ni ile ile, herufi ni zile zile; lakini kwa maana ya kwanza ni mwuaji, na kwa maana ya pili alijaribu kuzuia mauaji.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule mbele ya Jaji Mkuu, Lord Goddard. Watu 12 wa juri, yaani raia walioapishwa kutoa uamuzi, walikaa faraghani kwa dakika 75, wakawaona wote wawili kuwa wana hatia, lakini wakaomba Bentley ahurumiwe. Craig, kwa kuwa hajatimiza miaka 18, hakuweza kunyongwa. Alifungwa, akafunguliwa mwaka wa 1963. Bentley akahukumiwa kufa. Rufani yake ikakataliwa, na wabunge zaidi ya 200 walipomwombea, Waziri wa Mambo ya Ndani hakubali. Tarehe 28 Januari 1953, saa tatu ya asubuhi, akanyongwa katika gereza la Wandsworth.

Jamaa zake hawakunyamaza. Dada yake, Iris, alilipigania jina la nduguye zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1993 marehemu alisamehewa adhabu, lakini si hatia. Iris akafa mwaka wa 1997. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Julai 1998, Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu, ikisema kwamba jinsi Jaji Mkuu alivyowaongoza watu wa juri ilimnyima Bentley haki yake. Tuseme kweli: mahakama haikuamua it ilikuwa nini. Jambo hilo hakuna awezaye kuliamua sasa.

Tena kuna neno jingine dogo katika kesi hii. Polisi walileta kortini karatasi ya maelezo, wakasema kwamba ni maneno ya Bentley mwenyewe, aliyoyatamka pasipo kuulizwa maswali. Mtaalamu wa lugha, Malcolm Coulthard, aliichunguza baada ya miaka mingi. Aliona kwamba neno then, yaani kisha, limo mara 10 katika maneno 582. Tena mara kadhaa limewekwa baada ya I, yaani mimi, kwa utaratibu wa polisi wanaoandika taarifa. Watu wa kawaida wanaposimulia huliweka mbele. Basi je, kijana asiyejua kusoma alipata wapi mwandiko wa kituo cha polisi? Neno ambalo hakuna aliyelijali ndilo lililotia shaka karatasi nzima.

Nasema haya kwa nini? Si kwa kuwatisha wanaojifunza Kiingereza, wala kwa kukitukana Kiingereza, kwa kuwa kila lugha iliyoishi miaka mingi ina matawi. Nasema kwa sababu nimesahihisha madaftari mengi, nami najua jinsi inavyopendeza kuandika neno upande huu na jibu upande ule, na kufunga daftari. Neno dogo linataka maswali matatu. Limeandamana na maneno gani? Limesemwa na nani, na katika hali gani? Na kama linaonyesha kitu, ni kitu gani hasa? Mwanafunzi anayeuliza hayo huichelewesha kazi kwa dakika moja, na anayeyaacha aweza kupotea kwa ukurasa mzima.

Tena siku moja huenda wewe unayenisikiliza ukaitwa kuwa mkalimani barazani, au shahidi kortini, au mwandishi wa barua ya mzee asiyejua kusoma. Siku hiyo usione haya kusema, "Tafadhali, hiyo uliyoitaja ni ipi?" Kuuliza si ujinga. Juu ya lile paa la Croydon hapakuwa na nafasi ya kuuliza; lakini kortini nafasi ilikuwako, na siku zilikuwako. Maji yakimwagika hayazoleki, na hukumu iliyofutwa mwaka wa 1998 haikuweza kumfufua kijana aliyenyongwa mwaka wa 1953.