Unapunguza uzito? Si lazima uachane na chipsi na maandazi, muhimu ni kujua kiasi

Jumatatu asubuhi mtu anaapa: hakuna tena soda, hakuna chapati, hakuna chipsi. Jumanne anashinda na matango na maji ya ndimu. Alhamisi kazini kuna mwenzao anasherehekea siku ya kuzaliwa, naye anakula kipande cha keki. Hapo hapo kichwani linakuja neno moja: "Nimeshaharibu."

Jioni anapitia chipsi mayai na soda baridi. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili hazina hesabu, na mpango mzima unahamishiwa Jumatatu ijayo.

Wengi waliowahi kujaribu kupunguza uzito wanaijua hadithi hii, na wengi huilaumu ile keki. Lakini kipande kimoja cha keki hakina nguvu ya kuharibu wiki nzima. Kilichouangusha mpango ni siku tatu zilizofuata, zile za "liwalo na liwe".

Habari njema ni kwamba mtu anaweza kupungua huku akiendelea kula vitu anavyovipenda, mradi ajue ni kipi, kiasi gani na siku gani.

Kwa nini kujinyima kabisa hakudumu

Chakula kikipigwa marufuku, ndipo kinapozidi kukaa kichwani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wakabaki na karibu nusu ya kile walichozoea kwa muda wa miezi sita. Walipungua sana, lakini pia mawazo yao yote yakawa chakula. Walikizungumzia mchana kutwa, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi.

Hiyo ilikuwa njaa kali, lakini hata kujinyima kwa kawaida kuna mtego wake. Mwaka 1975, watafiti wa saikolojia Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kitamu cha maziwa, kisha wakawaacha wale aiskrimu kadiri wapendavyo. Wale ambao kwa kawaida hawajibani katika kula walipunguza aiskrimu kwa kuwa walishashiba kinywaji. Wale waliokuwa na tabia ya kujibana walifanya kinyume: baada ya kinywaji, walikula aiskrimu nyingi zaidi. Sheria ilikuwa imeshavunjwa, kwa hiyo hawakuona tena sababu ya kujizuia.

Ndiyo ile "nimeshaharibu" ya Alhamisi.

Hesabu inasemaje

Mwili hupungua pale nishati inayoingia kwa chakula inapokuwa ndogo kuliko inayotumika. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4, protini nayo 4, pombe 7 na mafuta 9.

Chukua mtu anayekula kalori 500 pungufu ya mahitaji yake kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Hapo ana upungufu wa kalori 3,000. Jumapili akila andazi na soda, akazidisha kalori 400 juu ya mahitaji ya siku hiyo, bado anabaki na upungufu wa kalori 2,600. Wiki yake iko salama kabisa.

Sasa chukua yule mwenye "siku ya kujiachia". Bia nne za nusu lita zina kama kalori 800, soda mbili zina kama 300, bado hajaagiza chipsi, kuku wa kukaanga na keki. Kuzidisha kalori 2,000 kwa siku moja ya namna hiyo si ajabu. Akifika hapo, katika zile 3,000 amebakiwa na 1,000 tu. Kazi ya siku sita imebaki na faida ya siku mbili.

Wote wawili walikula walichokipenda. Tofauti ilikuwa kiasi.

Mambo 8 ya kuzingatia

1. Anza na vinywaji

Soda nyingi za kola zina takribani gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 37, sawa na vijiko 9 vya chai, na hupita kooni kwa dakika chache bila kushibisha.

Wapo wanaojisifu kwamba hawagusi soda, lakini wanakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 9 vilevile.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Kushuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Asali na juisi ya matunda nazo zinahesabiwa, kwa hiyo kuhamisha sukari kwenda kwenye asali siyo kupunguza.

Kupunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, wiki hadi wiki, huuzoesha ulimi bila vita. Nafasi inayopatikana hapo ndiyo inayoweza kumlipia mtu andazi lake la Jumamosi.

2. Chagua unachokipenda kweli

Vitafunwa vingi haviliwi kwa sababu ni vitamu, bali kwa sababu vimepita. Biskuti za ofisini, karanga za kwenye foleni, kipande cha mkate alichobakisha mtoto. Hakuna anayevikumbuka jioni, lakini mwili umevihesabu.

Anayependa vitumbua vya nazi aviache vile vya kupita tu, avile vitumbua. Kitu kimoja kilichochaguliwa kinaridhisha kuliko vitano vya bahati mbaya.

3. Panga siku na kiasi mapema

"Nitakula kidogo" siyo mpango. "Jumamosi jioni, chipsi nusu sahani na mishikaki miwili" ni mpango. Aliyepanga akila hajavunja sheria yoyote, kwa hiyo hana sababu ya kusema ameharibu.

Mara ngapi kwa wiki? Wengine huwatosha mara mbili au tatu, wengine hupenda kitu kidogo kila siku, kama kashata moja baada ya chakula cha mchana. Njia zote mbili zinafaa ikiwa jumla ya wiki inabaki chini.

4. Nunua cha kula leo, siyo cha kuweka

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Pakiti kubwa ya biskuti kabatini ni mtihani wa kila usiku. Kununua maandazi mawili kwa mama ntilie ni rahisi kuliko kukaanga beseni zima nyumbani halafu kujikataza.

Kama kitu kiko nyumbani kwa ajili ya familia, kitolewe kwenye kisahani, pakiti ifungwe na irudishwe kabatini kabla ya kuanza kula. Kula ukichota ndani ya pakiti hakuna mwisho unaoonekana.

5. Kula baada ya mlo, siyo ukiwa na njaa

Mtu mwenye njaa akikutana na sambusa, sambusa ndiyo inayoamua idadi. Kitu kitamu kikija baada ya mlo wenye maharage, samaki, mayai au kuku, pamoja na mboga za majani, tumbo limeshatulia na vipande viwili vinatosha.

Kuruka chakula cha mchana ili "kutunza nafasi" ya chipsi za jioni huwa kunarudi kwa hasara.

6. Weka simu pembeni

Anayekula huku akiangalia video anaweza kumaliza sahani nzima bila kukumbuka ladha yake. Dakika kumi za kukaa, kutafuna taratibu na kusikia utamu zinafanya kiasi kidogo kionekane kingi. Kama kitu kinaliwa kwa ajili ya raha, basi raha yenyewe isikikwepe.

7. Badilisha sahani, siyo lazima uifute

Gramu 100 za viazi vya kukaanga zina kalori karibu mara tatu ya gramu 100 za viazi vya kuchemsha, na sababu kubwa ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Kwa hiyo mabadiliko madogo yana maana:

• Chipsi nusu sahani, nusu nyingine kachumbari, na kuku wa kuchoma badala ya wa kukaanga.

• Chapati moja na maharage na mchicha, badala ya chapati tatu na chai ya sukari nyingi.

• Nyama choma na ndizi za kuchoma, na maji kati ya bia moja na nyingine. Bia ikiwa mbili badala ya nne, karibu kalori 400 zimebaki chupani.

• Tunda zima badala ya juisi yake. Chungwa moja linatafunwa na lina nyuzinyuzi za kushibisha, lakini glasi ya juisi inaweza kubeba machungwa matatu bila mtu kujua.

8. Ugenini, harusini na wakati wa sikukuu

Hapa ndipo wengi wanapobanwa. Kukataa chakula kwa wakwe kunaweza kuonekana dharau, na harusini mpishi anajaza sahani kabla hujafungua mdomo.

Suluhisho siyo kugoma. Pokea, kula kidogo kwa utaratibu, sifia kwa dhati. "Mama, nimeshiba, lakini pilau lako leo limezidi" ni jibu linalomfurahisha mkwe kuliko sahani iliyomalizwa kwa shida. Harusini, anayejipakulia mwenyewe aanze na kachumbari na nyama, pilau lifuate, soda ibaki moja.

Wakati wa futari, meza huwa na kaimati, tambi, viazi na uji kwa pamoja. Kaimati tatu zilizochaguliwa kwa moyo ni bora kuliko kijiko cha kila kitu, halafu cha kila kitu tena.

Ukiteleza, mlo unaofuata ndio wa kurudi

Hata mwenye mpango mzuri kuna siku atazidisha. Kinachoamua matokeo ni anachofanya saa chache baadaye. Jibu ni moja: mlo unaofuata uwe wa kawaida. Kusiwe na kufunga kwa adhabu, kunywa vidonge vya kuharisha wala kukimbia saa mbili kwa hasira. Adhabu huleta njaa, na njaa humrudisha mtu kwenye chipsi.

Na mzani wa kesho yake usimtishe mtu. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo sahani moja ya chipsi haiwezi kuongeza kilo ya mafuta kwa usiku mmoja. Kinachoonekana mara nyingi ni maji yaliyoshikiliwa kwa sababu ya chumvi, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni. Kupima mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, kunatoa picha ya kweli zaidi.

Mazoezi nayo yana faida kubwa kwa moyo, usingizi na nguvu, lakini yasitumike kama leseni ya kula. Nusu saa ya kutembea haraka hutumia kama kalori 100 hadi 150 kwa watu wengi. Hiyo ni soda moja tu.

Nani aongee na mtaalamu kwanza

Ushauri huu ni wa mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, asibadilishe mlo bila kuongea na daktari wake. Vivyo hivyo kwa mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na mtoto anayekua.

Kuna pia wale ambao tatizo lao si keki. Anayekula chakula kingi mno kwa siri bila kuweza kujizuia, au anayejitapisha baada ya kula, hahitaji masharti zaidi ya chakula. Anahitaji msaada wa kitabibu, na hakuna aibu kuuomba.

Kwa wengine wote, mwendo unaoshauriwa ni kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ni mwendo wa polepole, na ndiyo maana lazima uwe wa kuishi nao. Mpango usioruhusu harusi, Idi, Krismasi wala keki ya mfanyakazi mwenzako hautafika mbali, kwa sababu mambo hayo yatakuja kila mwaka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alhamisi ikija na keki, kula kipande chako, ukifurahie, halafu jioni rudi kwenye ugali, mboga na samaki kama kawaida. Usisubiri Jumatatu.