Gharama ya Kupanda: Wahusika Wadogo katika Dragon Ball na Warithi Wake

Watazamaji wa anime ndefu za mapigano hulalamikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba hadithi hujirudia: hutokea adui mwenye nguvu kuliko wote waliomtangulia, shujaa hupigwa, hujifua, hupata umbo jipya, hushinda, kisha adui mwingine hubisha hodi. La pili ni kwamba wahusika waliopendwa tangu mwanzo huachwa njiani. Kwa kawaida mambo haya hujadiliwa mbalimbali, moja likihesabiwa kuwa tatizo la msuko na jingine tatizo la usawiri wa wahusika. Makala hii inadai kwamba ni tatizo moja. Kuna aina ya marudio ambayo haiwezi kuendelea bila kuwala wahusika wadogo, na aina hiyo ndiyo Akira Toriyama aliyoiacha kama urithi katika Dragon Ball, manga iliyochapishwa katika jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia 1984 hadi 1995.

Marudio yenyewe hayana hatia. Msomi yeyote wa fasihi simulizi anajua kazi ya takriri. Milman Parry na Albert Lord walipowachunguza waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, waliona kwamba fomula zinazorudiwa ndizo zinazomwezesha fanani kutunga papo hapo mbele ya hadhira. Umberto Eco naye, katika makala yake ya 1985 kuhusu ubunifu na marudio, aliitetea sanaa ya mfululizo dhidi ya wale wanaoamini kwamba upya pekee ndio uzuri. Anayesikiliza ngano za Sungura na Fisi anajua mapema nani atadanganywa; anachongoja ni kuona atadanganywa vipi safari hii. Lakini Sungura hakui. Kila ngano humkuta akiwa na mwili uleule mdogo na akili ileile, na Fisi naye hubaki tishio lilelile. Katika Dragon Ball kinachorudiwa ni ongezeko, na ongezeko lina mantiki yake: kila ushindi hufuta thamani ya ushindi uliopita, pamoja na ya watu wote waliobaki pale.

Haikuwa hivyo tangu awali. Chukua pambano la Goku, shujaa wa hadithi, na Vegeta, mvamizi kutoka anga za juu, katika sura zilizochapishwa mwaka 1989, ambalo kwa maoni yangu ndilo kilele cha sanaa ya Toriyama. Kabla Goku hajafika uwanjani, Chiaotzu amejilipua mgongoni mwa Nappa, mwenzake Vegeta, bila mafanikio, Tien amekufa akiwa amepoteza mkono, na Piccolo, aliyekuwa adui, amejitupa mbele ya shambulio ili kumkinga Gohan, mwana wa Goku. Goku anafika, anapigana kwa ustadi wote alionao, na mwisho analala chini mifupa imevunjika. Vegeta bado yu hai. Anayemkata mkia unaompa umbo la nyani mkubwa ni Yajirobe, mlafi na mwoga ambaye muda wote alikuwa amejificha. Anayeirusha genkidama, tufe la nishati aliloliunda Goku, ni rafiki yake Krillin. Gohan anairudisha kwa mikono yake ili impate adui. Na hatimaye Gohan, akiwa nyani mkubwa, anamwangukia Vegeta na kumponda. Ukimwondoa yeyote kati ya hao watatu, dunia inaangamia. Hata uamuzi wa mwisho, kumuua Vegeta au kumwachilia, umo mikononi mwa Krillin aliyeshika upanga, na Goku analazimika kumwomba.

Alex Woloch, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu wahusika wachache na wengi, anaieleza riwaya kuwa uwanja ambamo wahusika hugombea nafasi: kila anachopewa mmoja kimechukuliwa kwa mwingine. Hoja hiyo inafaa zaidi ya ule mgawanyo wa E. M. Forster wa 1927 tunaoufundisha vyuoni, wa wahusika bapa na wahusika duara. Yajirobe ni bapa kabisa. Tunajua tabia zake mbili tatu tu, wala hazibadiliki. Hata hivyo ana nafasi, kwa sababu kitendo chake kina uzito katika msuko. Mhusika mdogo hahitaji sana kuwa na undani. Anahitaji jambo lake alifanyalo lilete tofauti.

Uzito huo ulianza kupotea kwa sababu ya kifaa kimoja. Wasaiyan, jamii ya Vegeta na ya Goku mwenyewe, walikuja duniani na skauta, miwani ya jicho moja inayopima nguvu kwa namba. Mkulima mwenye bunduki anapimwa na kuonekana ana 5. Baadaye, katika sayari ya Namek, adui aitwaye Frieza anatangaza kwamba yeye ana 530,000, na hilo ni umbo lake la kwanza tu. Namba zilimpa Toriyama taharuki ya haraka, kwani msomaji anatetemeka hata kabla ya ngumi ya kwanza. Lakini ujanja, ujasiri na bahati, vile vitu vilivyomwangusha Vegeta, haviingii katika skauta. Baada ya Frieza namba zenyewe ziliachwa, ila fikra yake ikabaki. Tangu hapo swali la kila pambano likawa nani yuko juu ya nani, na asiyekuwa Msaiyan akawa mtazamaji.

Krillin ndiye ushahidi unaoumiza zaidi. Alijifunza pamoja na Goku kwa Mzee Kame, na katika Namek bado anathubutu kumkata Frieza mkia kwa kisahani chake cha nishati. Kisha Frieza anamrusha angani na kumlipua, na kwa hasira ya kifo hicho Goku anakuwa Super Saiyan. Ni tukio kubwa sana, na mimi mwenyewe huliona bado lina nguvu. Tazama lakini kazi aliyopewa rafiki: amekuwa kuni za moto wa mwingine. Naye hufufuliwa baadaye, maana mipira ya joka inayotimiza matakwa ipo, hivyo hata kifo chake hakibaki kuwa chake. Katika Mashindano ya Nguvu ya Dragon Ball Super, yaliyorushwa mwaka 2017 na 2018, Krillin ni mmoja wa wapiganaji kumi wa Ulimwengu wa Saba, naye ndiye wa kwanza kati yao kutolewa uwanjani. Yamcha, mwenzao wa tangu mwanzo, hakuchaguliwa kabisa.

Sababu za hali hii hazimo katika kipaji cha mwandishi peke yake. Weekly Shōnen Jump, lililoanzishwa 1968, lilijenga utaratibu wa kadi za wasomaji: msomaji anataja hadithi alizozipenda, na hadithi inayoshuka chini muda mrefu hukatwa. Mwaka 1995 toleo moja la jarida hili lilifikia nakala milioni 6.53. Mwandishi anayetoa kurasa zake kila juma chini ya shinikizo hilo hana nafasi ya kungoja. Ni lazima juma hili lizidi juma lililopita. Studio ya Toei nayo ilirusha anime kila juma huku manga ikiwa bado inaandikwa, hivyo ikabidi ivute muda. Frieza anaposema Namek italipuka baada ya dakika tano, dakika hizo huchukua karibu vipindi kumi. Ilipotengenezwa Dragon Ball Kai mwaka 2009, kile kilichochukua vipindi 194 hadi mwisho wa sehemu ya adui Cell kilisimuliwa kwa vipindi visivyofika 100.

Hapa pana jambo ambalo wanaovilaumu vipindi vya kujazia, yaani vile visivyotoka kwenye manga, hawalitilii maanani. Mara nyingi vipindi hivyo ndimo wahusika wadogo wanamopata kupumua. Kile ambacho Goku na Piccolo wanakwenda kujifunza kuendesha gari kinampa Piccolo haiba ambayo mapigano hayakuwahi kumpa. Katika Naruto ya Masashi Kishimoto, kuanzia kipindi cha 136 hadi cha 219 karibu vyote havikutoka kwenye manga, na wanarika wa Naruto wanapata safari na visa vyao humo. Tatizo ni kwamba hakuna kinachoruhusiwa kubadilika, kwa sababu manga itakaporudi ni lazima imkute kila mtu pale ilipomwacha. Wamepewa muda wakanyimwa matokeo.

Naruto yenyewe inaonyesha hasara kubwa zaidi, ile ya maana. Katika mtihani wa chūnin, Neji anadai kwamba mtu huzaliwa na hatima yake, na Naruto, mwanafunzi aliyefeli mara kwa mara, anamshinda ili kuikanusha kauli hiyo. Rock Lee, asiyeweza kutumia ninjutsu wala genjutsu, anakaribia kumwangusha Gaara kwa mazoezi matupu. Neji na Lee ndio waliobeba hoja ya kitabu: juhudi dhidi ya nasaba. Baadaye ngazi ya nguvu inapanda mpaka Naruto anatambulishwa kuwa ndiye aliyerithi roho ya Asura, mwana wa Mhenga wa Njia Sita. Neji anauawa vitani akiwakinga wenzake, na Lee anabaki pembeni. Hoja imegeuka, na waliokuwa na haki ya kuuliza swali wamenyamazishwa.

Je, utanzu huu hauwezi kuwa vinginevyo? Unaweza. Hiromu Arakawa alimaliza Fullmetal Alchemist kwa juzuu 27. Maes Hughes, rafiki wa Roy Mustang, anauawa mapema na harudi, na kifo chake kinaendelea kuamua mwenendo wa Roy Mustang hadi mwisho, pale Riza Hawkeye anapomzuia asiangamie kwa kisasi. Edward, shujaa wake, anaimaliza hadithi akiwa ametoa sadaka uwezo wake wa alkemia. Jarida lake, ni kweli, lilitoka kila mwezi. Lakini Hunter × Hunter ya Yoshihiro Togashi imo katika Jump lilelile, na humo Meruem, adui mkuu wa sehemu ya Chimera Ant, hafi kwa mkono wa shujaa Gon. Gon hapigani naye kabisa. Anayembadilisha moyo ni Komugi, msichana kipofu mcheza gungi, mchezo wa ubao, asiyeweza kumdhuru hata nzi.

Toriyama, aliyefariki Machi 2024, inaelekea aliuona upungufu huu. Filamu ya Dragon Ball Super: Super Hero ya 2022, aliyoandika hati yake mwenyewe, iliwaweka Goku na Vegeta mbali na dunia na kumpa Piccolo nafasi ya kwanza. Ni filamu njema. Hata hivyo Piccolo alipohitaji kushinda, alipewa umbo jipya lenye nguvu zaidi kwa hisani ya joka. Nafasi alirudishiwa, kipimo hakikubadilishwa. Kwa sababu hiyo naona Yajirobe na upanga wake wa 1989 bado ni mhusika mdogo aliyetendewa haki kuliko wote waliopita katika Dragon Ball tangu hapo.