Kuhamisha kompyuta kwenye kasha jipya: makosa yanayounguza mazabodi

Kubadilisha kasha la kompyuta ya mezani, au keisi kama wengi wanavyoliita, hakuongezi kasi ya prosesa. Kinachobadilika ni nafasi, mzunguko wa hewa na mwonekano. Ila kazi ikifanywa kwa pupa, mashine iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kuwa chuma chakavu jioni.

Vipimo kwanza, hela baadaye

Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Micro-ATX hufika 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha la ATX kwa kawaida hupokea hizo ndogo pia, lakini la Mini-ITX halipokei kubwa. Vipimwe pia urefu wa kadi ya michoro, kimo cha kipoza cha prosesa na ukubwa wa pawa saplai.

Hapa ndipo wenye mashine za mtumba za ofisini, kama Dell OptiPlex, hukwama. Nyingi kati yake zina mazabodi yenye umbo lake, plagi za umeme zake na waya za mbele zake. Mtu ananunua kasha zuri, kumbe kitufe cha kuwashia hakina pa kuchomekwa. Ni bora kufungua na kuangalia kabla ya kulipa.

Kufungua bila kuharibu

Kompyuta inazimwa, waya wa umeme unachomolewa ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Kabla ya kuchomoa chochote, picha kadhaa za simu zipigwe kuonyesha kila waya ulipokuwa. Picha hizo ndizo zitakazookoa muda baadaye.

Umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila hata cheche kuonekana. Kugusa chuma tupu cha kasha mara kwa mara kunasaidia, na kazi ifanyiwe mezani, si juu ya zulia. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe, kwani ndani yake hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa.

Prosesa, kipoza na ramu vinaweza kubaki juu ya mazabodi na kuhama navyo. Kipoza kikilazimika kutoka, pesti ya zamani ifutwe na kupakwa mpya.

Vinguzo vya shaba

Hili ndilo kosa baya zaidi. Mazabodi haikai moja kwa moja juu ya bati la kasha. Hukaa juu ya vinguzo vidogo, mara nyingi vya shaba. Bila vinguzo, sehemu za chini hugusa chuma na kupiga shoti. Kinguzo cha ziada kilichosahaulika pasipo na tundu la skrubu nacho ni hatari hiyo hiyo. Vinguzo vihesabiwe: ATX kamili huwa na matundu 9, Mini-ITX 4. Bati la nyuma la matundu ya USB na sauti, kama halijashikizwa kwenye mazabodi, liwekwe kabla ya mazabodi kuingia. Wengi hulikumbuka skrubu zikiwa zimeshakazwa.

Waya

Plagi kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 4 au 8 zote lazima ziingie. Waya za kitufe cha kuwashia hazina chanya wala hasi. Za taa ndogo zinazo, ila zikigeuzwa taa haiwaki tu, hakuna kinachoungua.

Hatari iko kwenye pawa saplai zenye waya za kuchomoka. Waya za pawa saplai moja zisitumiwe kwenye nyingine hata kama plagi inaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na hadi diski yenye picha za miaka kumi inaweza kuungua papo hapo.

Feni za mbele kwa kawaida huingiza hewa, ya nyuma huitoa. Upande wa feni wenye fremu ya plastiki iliyoshikilia mota ndiko hewa inakotokea.

Kuwasha

Mashine iwashwe kabla ya kufunga mfuniko. Feni zikizunguka bila picha, waya wa skrini uangaliwe kwanza: kama kuna kadi ya michoro, uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha ramu ikandamizwe hadi ilie "tak", na plagi ya prosesa ikaguliwe.

Windows haihitaji kuwekwa upya. Mazabodi na diski ni zile zile, hivyo programu na leseni hubaki kama zilivyokuwa.